Oili Iliyopimwa kwa Vidole

Mzazi mwenye mtoto dereva akiisikia habari hii, asije akasema hakuambiwa. Ilitokea Kamwokya, jijini Kampala, nyumbani kwa Mwanawetu, mjane anayepika kaimati za kuuza, na haikuanza kwa ubaya. Ilianza kwa mapenzi, na mapenzi yakikosa kazi huanza kupekua.

Nasser, mwanawe wa pekee, alikuwa na lori la mtumba kutoka Japani. Lilikuwa na turbo, kile kifaa chenye umbo la konokono kinachoisukumia injini hewa ili ipande mlima bila kuhema. Siku hiyo lilikuwa gereji kwa Odera, fundi Mkenya wa mtaa wa pili, likisubiri kubadilishwa oili. Kesho yake lingebeba mabati kwenda Kabale, kule milimani, lirudi na viazi. Nasser alikuwa na haraka ya kwenda Luzira kwa mwenye mzigo, akaacha dumu la oili mlangoni.

"Mama, akipita boda mpe ampelekee Odera. Ni hilo tu."

"Ni hilo tu," Mwanawetu akaitikia.

Hilo tu likamshinda. Kila alipolipita lile dumu aliiona barabara ya Kabale, kona zake na mabonde yake, na lori limezimika mlimani mwanawe akiwa ndani. Mwisho akafungua kifuniko. Akachovya kidole, akakisugua na gumba, kisha akaviachanisha taratibu. Ndivyo alivyopima shira ya kaimati, ile sukari ya kuchemsha, tangu usichana wake: uzi ukivutika, shira imeiva; ukikatika, irudi jikoni. Oili ile haikutoa uzi wowote. Ilichuruzika mpaka kiwikoni kama maji ya mchele.

"Mtoto wangu ameuziwa maji," akasema.

Dumu lilikuwa limeandikwa 15W-40. Hakumuuliza mtu maana yake. Alichokumbuka ni lori la marehemu mumewe, lililokunywa namba hamsini tupu, nzito kama asali, likadumu mpaka watoto wa jirani wakaoa. Akalirudisha dumu dukani, akalibadilisha kwa ile nzito, akapanda boda mwenyewe mpaka gereji.

Odera aliinama, akasoma, akajikuna shingo.

"Mama Nasser, hii ni ya injini za wazee. Hii yetu njia zake za oili ni nyembamba. Nasser alisema analeta ile ingine."

"Amebadilisha mawazo."

"Amekuambia yeye?"

"Kwani mimi huokota maneno barabarani?"

"Ngoja basi nimpigie."

"Yuko na mwenye mzigo. Unataka kumharibia kazi?"

Odera akacheka, akachukua kitambaa akafuta mikono. "Haya. Mimi ni nani nibishane na mama mkwe wa lori." Akamimina.

Asubuhi Nasser aliondoka. Mwanawetu alilisikia lori likiteremka, injini imetulia kuliko siku zote, maana oili nzito huziba makelele. Alijiona amefanya jambo. Usiku ule alilala vizuri kuliko wiki nzima.

Alfajiri iliyofuata Shifa, mkewe Nasser, alikuwa jikoni akiandaa kaimati za wateja wa asubuhi. Alitoa bakuli la shira kwenye friji, akaliinamisha juu ya sinia. Hakuna kilichoshuka.

"Mama, shira yako imegoma leo."

"Itie motoni, italainika," Mwanawetu akasema. Kisha mkono wake ukabaki hewani.

Hakuna kipya alichoambiwa hapo. Maisha yake yote alijua shira haina uzito mmoja. Ikiwa motoni ni maji, ikipoa ni gundi. Haikumpitia akilini kwamba oili nayo ni hivyo hivyo. Aliipima kwa vidole vyake, kwenye joto la jiko lake, wakati lori lilikuwa linakwenda kulala kwingine.

"Kabale kukoje saa hizi?"

"Baridi, mama. Jana usiku alisema analala na makoti mawili."

Akampigia Odera.

"Ile oili ya juzi, kwenye baridi inakuwaje?"

"Inakuwa uji wa muhogo. Ndiyo maana nilikuuliza. Ile namba ya mbele, yenye W, inasema oili inatiririka vipi kwenye baridi. Ikiwa ndogo, inapita upesi. Ya nyuma inasema inabaki na uzito gani injini ikishika moto. Sasa yako haina ya mbele. Ni hamsini tu." Kisha Odera akauliza, "Kwani Nasser hajui?"

Mwanawetu akaligeuza bakuli la shira; shira haikusogea.

"Mama, huyo akiwasha asubuhi hukanyaga mafuta hapo hapo, ndiyo hewa ya breki ijae haraka. Turbo itazunguka kavu, oili bado iko njiani. Mwambie asikanyage. Injini ingurume pole pole mpaka ipate joto."

"Mpigie wewe, baba. Wewe ndiye fundi, atakusikia."

"Nimwambie nini? Kwamba nilitia oili ambayo hakuagiza?"

"Mwambie duka lilikosea."

"Duka." Odera akashusha pumzi. "Mama, mimi nina jina hapa Kamwokya. Ni dogo, lakini ni langu. Mpigie."

Akabaki na simu mkononi. Alikuwa akitafuta maneno ya kumwokoa mwanawe ambayo yeye mwenyewe hayumo ndani yake. Akamgeukia Shifa, aseme yeye. "Nikiulizwa nimejuaje?" Shifa akauliza. Mwanawetu akaitia shira motoni, akaikoroga. Ikaanza kulainika, ikang'aa, ikateleza kwenye mwiko. Ndipo akapiga.

Nasser alipokea, nyuma yake injini ikivuma.

"Shikamoo mama. Umeniwahi leo."

"Marahaba. Toa mguu kwenye mafuta."

"Sikusikii vizuri, najaza hewa."

"Toa mguu, Nasser. Zima. Oili niliibadilisha mimi. Odera nilimdanganya."

Kabla hajamaliza, ikaja filimbi ndani ya simu, nyembamba, ikapanda kama birika linalochemka. Halafu injini ikanyamaza, na Mwanawetu akawasikia watu wa Kabale wakiitana kwa mbali.

"Mama. Rudia hayo uliyosema."

Akarudia.

Turbo ilikufa. Injini ilipona, na Odera alisema ni kwa sababu ilizimwa pale pale. Turbo nyingine ikapelekwa kwa basi kutoka Kampala, na fundi wa huko akamwaga ile namba hamsini yote, akatia inayotakiwa. Viazi viliondoka na lori la mtu mwingine.

Nasser aliporudi alimwamkia mama yake, akala, akashukuru kwa chakula. Mwanawetu alikuwa amejiandaa kukaripiwa, jibu lake likiwa tayari tangu ile simu. Hakukaripiwa. Mwanawe alinawa mikono, akachukua funguo.

"Lori litalala wapi?" mama akauliza, maana siku zote lililala chini ya dirisha lake.

"Kwa Odera."

"Hapa kuna nini?"

"Hapa ni mbali na gereji, mama."

Gereji ilikuwa mtaa wa pili. Shifa aliinamisha macho, akakusanya sahani.

Siku hizi Nasser hupita kuaga kabla ya safari. Dumu la oili ya akiba hukaa kwenye kiti cha pembeni, limefungwa mkanda kama abiria. Mwanawetu humpitishia kaimati dirishani, naye huzipokea kwa mikono miwili.

"Na baridi ya huko mmeiuliza?" mama alimuuliza mara ya mwisho.

"Tumeiuliza."

Hakusema ameiuliza na nani. Aliwasha, akaiacha injini ingurume taratibu, mguu wake mbali na mafuta, kisha akapandisha kioo. Mwanawetu alibaki barazani. Shira ilikuwa imemganda kwenye vidole viwili, na hakuvisugua.