Pini Nne za Kaseti ya Clifford

Jentrix aliingia dukani kwangu saa nane na robo mchana, akaweka kaseti ya gemu mezani, akasema, "Shemeji, hii kitu lazima iwake kabla ya saa kumi."

Nikamwambia hiyo kaseti ni mzee wa watu, imezaliwa kabla ya simu zote zilizolala kwenye sanduku langu, kwa hivyo aiombe kwa heshima, asiitolee amri. Mimi ndivyo nilivyo. Nimefukuzwa kazi mara mbili, nimelala stendi wiki nzima, nimepigwa na umati kwa sababu ya redio ambayo sikuiba, na kila mara nilitoka na utani mkononi kama mtu aliyeokoa sufuria kwenye moto. Kwa kawaida Jentrix hunirudishia. Siku hiyo hakunirudishia. Alitazama saa ya ukutani, halafu akatazama nje, juu ya mabati ya Kapkatet, ambako mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa majani chai.

Mume wake ni Clifford, na Clifford kwangu ni ndugu. Baba zetu walitoka kando ya ziwa kuja kufanya kazi ya chai, tukakulia laini moja ya nyumba za wafanyakazi, na kaseti hiyo ya njano tuliicheza wote wawili mpaka rangi ikahamia vidoleni. Miaka miwili iliyopita Clifford alianguka kutoka juu kiwandani, pale majani yanaponyaushwa, akatua kwa kichwa. Aliamka siku ya kumi na moja. Alirudi nyumbani anajua majina yetu, anajua kula, anajua kuvaa. Lakini jioni ikikaribia kuna kitu ndani yake kinachomwambia atoke aende, na akitoka hajui anakokwenda. Kinachomkalisha ni ile gemu peke yake. Saa kumi anaiwasha, anamrusha kijana mwenye gunia juu ya madaraja mpaka saa kumi na mbili. Giza likiingia amechoka, anakula, analala. Kila siku, Krismasi ikiwemo.

Jumanne ya wiki hiyo gemu ilikataa. Wachuma chai walimkuta Clifford kwenye bwawa la shamba, maji yamemfika kifuani, mvua ya mawe inampiga palepale penye kovu la kichwani, naye amesimama wima kama mtu anayesubiri kuitwa. Walimtoa watu wanne. Hospitalini wakampa vidonge vya kumlaza mchana, na vidonge hivyo vinaisha nguvu saa kumi. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa majirani walikaa naye jioni, mmoja huku, mwingine kule, wamemshika mikono. Sasa ilikuwa Jumamosi, na majirani wote walikuwa wamekwenda mazishi Chepilat.

"Umemwacha na nani?" nikauliza.

"Amelala. Nimefunga kufuli kwa nje."

"Dirisha je?"

"Dirisha liko."

Nikachukua kaseti. Nikakaa nayo mezani.

Kitu cha kwanza ni kujua mgonjwa ni nani. Ninayo mashine ya zamani dukani, ninaiweka kwa ajili ya kupimia. Nikachomeka kaseti nyingine: muziki ukalia, picha safi. Nikachomeka ya Clifford: mistari ya kijivu, inatetemeka, bila sauti. Basi ni kaseti. Jentrix akaichomoa, akaipeleka mdomoni.

"Usipulize," nikamwambia. "Kenya nzima inapuliza kaseti, na ndiyo maana mimi ninakula. Mate yanaleta kutu."

Akaiweka chini taratibu. "Sikujua."

"Mbona hukuileta Jumatano?"

"Nilidhani itapona yenyewe."

Niliona ni jibu la ajabu, nikaliacha lipite. Watu wanaamini mengi kuhusu umeme.

Nikaanza na unyevu, kwa sababu huku kwetu ukungu unaingia mpaka kwenye kabati la nguo. Nikasugua pini, vile vimeno vya shaba ukingoni, kwa raba ya penseli, nikazipangusa kwa pamba na spiriti, nikasubiri ikauke. Nikachomeka. Mistari. Nikafungua ganda. Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha kijani na lile tone jeusi linalofunika ubongo wake. Sehemu mbili solda ilikuwa imechoka, nikaichoma upya. Nikachomeka. Mistari ileile, kama mvua inayokuja kwa ubavu.

Saa nane na dakika hamsini. Radi ikapiga mara ya kwanza, mbali, na balbu ikafumba jicho, ikafumbua.

"Itawezekana?" Jentrix akauliza.

"Shemeji, nimewahi kufufua redio iliyokaliwa na panya na watoto wake saba. Kaa chini."

Hakukaa.

Nikachukua mita ya kupimia umeme. Ncha moja kwenye pini, ncha nyingine kwenye njia yake ndani ya kibao. Njia ikiwa nzima, mita inalia. Ikalia, ikalia, ikalia. Nilikuwa nimeshazoea kulia kwake kiasi kwamba ilipokaa kimya niliitingisha nikidhani betri imeisha. Pini nne zilizofuatana, katikati, hazikulia. Baada ya hizo nne, ikaendelea kulia mpaka mwisho.

Kutu haichagui namna hiyo. Kutu inakula kando, inarukaruka, haina adabu. Hapa mtu alikuwa amepiga mstari.

Nikavaa lenzi jichoni. Kwenye pini zile nne kulikuwa na utando mwembamba, unang'aa kama njia ya konokono. Na juu ya utando, mikwaruzo. Mingi, midogo, ya haraka, kama mtu aliyejaribu kuung'oa kwa pini ya nywele, akashindwa, akajaribu tena. Nikasogeza chuma cha solda karibu, bila kugusa, utando upate joto kidogo. Harufu ikapanda.

Harufu hiyo ninaijua vizuri. Ukuta wangu mmoja ni ukuta wa saluni ya Chepkemboi, na harufu hiyo inapita kwenye mbao tangu asubuhi hadi jioni. Ilikuwa rangi ya kucha, ile ya kung'arisha tu.

"Huyu naye alikuwa anaenda harusi ya nani mpaka akapakwa kucha?" nikasema. Utani ulitoka kabla sijaufikiria. Nilipoinua uso nilimkuta Jentrix anasukuma mlango wa duka ujifunge nusu, na mikono yake ikawa mbele ya macho yangu. Kucha zake zilikuwa safi, zinang'aa bila rangi. Ya kidole gumba cha kulia ilikuwa imevunjika hadi kwenye nyama.

Nikaweka chuma cha solda kwenye kishikio chake. Nilijali sana kukiweka vizuri.

"Ni mimi," akasema.

Nikavua lenzi.

"Jumanne asubuhi. Nilitaka siku moja tu, shemeji. Miaka miwili huo muziki uko kwa kichwa yangu, hata nikiwa kanisani unalia. Sina jioni. Siendi kwa mtu, mtu haji. Nikasema ikikataa, atanuna, atalala mapema, na mimi nitalala. Nilipoona vile alivyotoka nikaanza kuikwaruza. Ikakataa kutoka."

"Hukufikiria bwawa."

Radi ikapiga tena, safari hii karibu.

"Sijui," akasema. "Nimejiuliza tangu hiyo Jumanne. Njia yetu inapita kando ya hilo bwawa, mimi ninajua. Sijui kama nilifikiria. Hiyo ndiyo inanifanya nisilale."

Nimewahi kuogopa askari, nimewahi kuogopa umati wenye mawe. Hofu hizo ni rahisi, unakimbia. Lakini huyu alikuwa Jentrix, ambaye amenipakulia ugali zaidi ya mama yangu, na alikuwa anasubiri nimpe kaseti arudi nayo nyumbani kwa mtu aliyelala nyuma ya kufuli. Nikiitengeneza, ninamrudisha Clifford mikononi mwake. Nisipoitengeneza, saa kumi haitangoja.

Nikatoka kwenda kwa Chepkemboi kuomba dawa ya kutolea rangi.

"Fundi, leo ni kucha?" akasema, bila kuacha kichwa alichokuwa anasuka. "Leta vidole. Lakini za miguu sitashika."

"Ni za mgonjwa," nikamwambia.

"Basi mwambie mgonjwa asioshe vyombo leo."

Wateja wake wakacheka. Mimi nilirudi na kile kichupa, nikalowesha pamba, nikasugua pini moja moja. Utando ukalegea, ukatoka kama ngozi ya maziwa. Mita ikalia mara nne. Nikachomeka kaseti, na ule muziki ukajaa dukani, mchangamfu, wa kitoto, na Jentrix akaziba masikio.

Saa tisa na dakika ishirini na tano. Nikafunga duka. Sikumwuliza kama anataka nimsindikize.

Njia ya kwao inashuka kati ya majani chai. Tulitembea yeye mbele, kaseti nikiwa nayo mimi. Chini kulia bwawa lilikuwa limelala, jeusi chini ya wingu, na nilijikuta ninalichunguza ukingo kwa ukingo nikitafuta shati. Nikamwona Jentrix naye anatazama hukohuko. Tukaharakisha. Mwisho tukakimbia.

Kufuli lilikuwa mahali pake. Alinipa ufunguo, nikafungua mimi, yeye akalichomoa kufuli.

Clifford alikuwa macho. Alikuwa ameketi kwenye kiti, mikono juu ya magoti, amevaa koti na viatu, kamba zimefungwa. Dirisha nyuma yake lilikuwa wazi.

"Omera," nikamwambia. Ndugu, kwa lugha ya baba zetu; hivyo ndivyo tunavyoitana tangu utotoni. "Unaenda kanisa gani na koti hilo?"

Nikapiga magoti mbele ya televisheni, nikachomeka kaseti, nikawasha. Picha ikaja. Muziki ukalia. Kijana na gunia lake wakasimama mwanzo wa daraja la kwanza, wakisubiri. Nikamwekea joistiki, kile kishikio cha kuchezea, mapajani.

Hakuigusa. Alikuwa anamtazama mke wake, aliyesimama mlangoni na kufuli bado mkononi.

"Uliitoa?" akamwuliza.

"Nini?"

"Ile ulipaka. Nilikuona. Ulikuwa umeinama kwa dirisha upate mwanga."

Mimi ndiye niliyeuliza. "Na hukusema kitu, Clifford?"

"Nikasema ndani yangu, huyu anataka nitoke." Alisema polepole, akichagua kila neno kama mtu anayevuka kwa kukanyaga mawe. "Nikatoka."

Nilitafuta utani. Naapa nilitafuta. Maisha yangu yote, mpaka saa ile, sikuwahi kuingiza mkono mle ninamoweka utani nikakuta hamna kitu.

Mawe ya kwanza yakaanguka kwenye bati, moja, mawili, halafu mengi.

"Na leo," Clifford akasema, "nikae ama nitoke?" Aliuliza vile mtu anavyouliza kama achote maji ndoo moja au mbili. Hapakuwa na hasira. Ningefurahi kama ingekuwapo.

Mvua ya mawe ikamwagika yote kwa mara moja. Niliona midomo ya Jentrix ikisema neno. Sikulisikia, na Clifford hakulisikia. Alisubiri kidogo, akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akaweka joistiki chini kwa uangalifu, akaanza kuinuka.

Jentrix alivuka chumba kwa hatua mbili. Kufuli likaanguka. Alimshika koti kwa mikono yote miwili akamrudisha kitini, akasema mdomo ukiwa kwenye sikio lake, akasema tena, na safari hii hata mimi nilisikia chini ya kelele zote hizo: "Kaa. Clifford, kaa. Kaa." Kisha akapiga magoti miguuni pake, akaanza kufungua kamba za viatu. Kidole chake kilichovunjika kucha hakikufaa kitu; fundo la pili alilifungua kwa meno.

Clifford alimtazama kutoka juu, bado hajaamua.

Nilifunga mlango, nikauegemea kwa mgongo, na kwa muda mrefu sikujua ninamzuia nani kati yao.