Nilivyoupata Ukatibu wa Ustawi

Tulimwita Shangazi kwa sababu alituzidi umri sote darasani. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na kabla ya kuingia chuo cha uuguzi alifagia wodi za hospitali iliyopakana nacho kwa miaka kumi na mmoja. Alipenda kututania kwamba sisi uchafu tumeusoma vitabuni, yeye ameuzoa kwa mikono. Tulipangiwa chumba kimoja, vitanda viwili na dirisha lisilofungika vizuri, na kwa miaka miwili na nusu hatukuwahi kununiana hata kwa sababu ya ndoo.

Mwaka wa tatu, akiwa kwenye mazoezi wodi ya wazee, mgonjwa mmoja alimfia mikononi. Halikuwa kosa lake. Daktari alisema hivyo, na binti wa marehemu mwenyewe alimshika mkono akamshukuru. Lakini Shangazi alikuwa amemnywesha yule mzee maji dakika chache kabla, na likamkaa kichwani kwamba ni yale maji yaliyomuua. Akaacha kula. Akawa analala na sare, viatu miguuni, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kwa wiki tatu nilimfulia, nikambembeleza ale, nikamdanganya mwalimu mkuu wa mafunzo ya wodini kwamba ana homa, na mwisho nikamwongoza hadi kwa mshauri wa wanafunzi. Akapata nafuu kidogo kidogo. Siku moja alinicheka nilivyovaa soksi mbili tofauti, nikajua amerudi.

Asubuhi ya kurejea wodini alinikalisha kitandani.

"Mdogo wangu, hili libaki humu ndani. Pale wananijua kama mfagizi aliyejikakamua akasoma. Wakisikia akili iliniyumba, hawatanipa hata kipimajoto nishike."

"Limeshazikwa," nikamwambia.

Miezi minne baadaye chama cha wanafunzi wa afya kilitangaza uchaguzi. Nafasi ya katibu wa ustawi na burudani ilikuwa wazi, na aliyenisukuma kugombea ni Shangazi mwenyewe. "Wengine watagombea burudani," alisema. "Wewe gombea ustawi. Kazi unaijua." Alinibandikia matangazo ya kampeni ukutani, kuanzia bwalo la chakula hadi mlango wa maabara, na kila yalipochanwa aliyabandika upya bila kulalamika.

Mpinzani wangu alikuwa kijana wa maabara tuliyemwita Mzee wa Spika, kwa sababu alikuwa na spika mbili kubwa kama kabati na hakuna sherehe iliyofanyika bila yeye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo mtamu tu, na watu walimpenda.

Siku ya kujinadi, ukumbi wa mihadhara ulijaa hadi ngazini. Yeye alitangulia. Akaahidi safari, muziki kila mwisho wa mwezi na jezi mpya. Mtu akamuuliza, je, ustawi? Akajikuna kidevu. "Mwanafunzi akifurahi haugui. Na akiugua, hospitali si hii hapa, ukuta kwa ukuta? Ataruka tu." Ukumbi ukavunjika mbavu.

Nikapanda mimi na karatasi yangu. Nikasoma kuhusu wanafunzi kuwatembelea wenzao wagonjwa, kuhusu mshauri anayepatikana siku mbili tu kwa wiki. Yote ya maana, na yote yaliwapita kama upepo. Watu wakaanza kuchezea simu. Sauti moja nyuma ikasema, "Dada, fupisha, tuna njaa," na wakacheka tena.

Nikaikunja karatasi. Sikuwa nimepanga. Huo ndio ukweli, ingawa haunisaidii.

Nikasema, "Humu ndani kuna mwenzetu ambaye wiki tatu alilala na viatu."

Kicheko kikakatika. Nikaendelea. Nikaeleza habari za mgonjwa na maji, chakula kilichokuwa kinaganda kwenye sahani, sare niliyomvua kwa nguvu ili nikaifue. Jina sikulitaja, na nilijiona mwangalifu. Kisha, nikitaka waelewe uzito wake, nikasema, "Wala si mtoto. Ni mtu mzima, aliyeijua hospitali hii kwa ufagio kabla sisi hatujaijua kwa vitabu."

Nilipofunga mdomo niliona vichwa vinageuka. Vilianza viwili vitatu, kisha safu nzima. Shangazi alikuwa safu ya tatu, tangazo langu moja limebaki mapajani mwake. Hakuinama wala hakutoka. Aliangalia mbele, usawa wa mkanda wangu.

Hapo ningeweza kunyamaza, au kushuka. Lakini ukumbi ulikuwa kimya, watu zaidi ya mia tatu wananisikiliza mimi, na utamu wa kile kimya nilikuwa sijawahi kuuonja. Nikamalizia hotuba yangu. Wakasimama kunipigia makofi. Mzee wa Spika naye alipiga.

Kura zilipigwa jioni ile ile, nikashinda kwa mia mbili na kumi na mbili dhidi ya tisini na saba.

Nilipoingia chumbani, Shangazi alikuwa anakunja nguo. Nikaanza kujieleza, kwamba sikulitaja jina, kwamba nilitaka wengine wapate msaada kama alioupata yeye. Aliniacha niseme hadi nikaishiwa.

"Hukusema uongo," akanijibu. "Hata chumvi hukuongeza. Ungeongeza, ningepata pa kukanushia."

"Nisamehe, Shangazi."

"Kura yangu nilishakupa moyoni kabla hujapanda jukwaani." Akaendelea kukunja nguo.

Wiki iliyofuata aliitwa kwa yule mwalimu mkuu wa mafunzo ya wodini. Akasimamishwa mazoezi mwaka mzima, hadi alete ripoti ya daktari na kupangiwa upya. Nilikwenda kumtetea, na kitambulisho changu kipya cha ukatibu shingoni. Mwalimu alinikaribisha vizuri, akanivutia kiti.

"Alishapona, mwalimu. Miezi minne anafanya kazi bila dosari."

"Inawezekana. Lakini mimi nina wagonjwa wa kulinda, na sasa chuo kizima kinajua. Nikimwacha, likitokea lolote, nitasema sikusikia?"

"Muulize mshauri."

"Mshauri hatoi siri za watu," akasema, na hakunitazama alipolisema hilo. "Halafu, wewe ndiye uliyeniambia ana homa. Ningekuadhibu. Nimekusamehe kwa sababu wenzako wamekuchagua."

Dada yake Shangazi ndiye aliyekuja kumchukua, mama mnene asiye na maneno mengi. Nilimbebea begi moja hadi getini. Yule dada aliponiuliza mimi ni nani, Shangazi alinitangulia kujibu: "Nilikuwa nalala naye chumba kimoja." Akapanda gari. Nilimpigia simu mara nyingi mwezi ule, kisha mara chache, kisha nikaacha. Mwaka ulipokwisha jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wanaorejea.

Nilipewa ofisi ndogo kando ya maktaba, meza, viti viwili na ratiba mlangoni: Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi. Muhula wa kwanza walikuja watu wengi, wote kwa ajili ya burudani. Waliulizia safari, ukumbi wa sherehe, nani atapiga muziki. Nikamwajiri Mzee wa Spika, na sherehe zikafana. Kwenye mkutano wa chama nilisifiwa kwa hizo.

Alhamisi moja nilimkuta binti wa mwaka wa kwanza ameegemea ukuta nje ya ofisi, bado yumo ndani ya sare ya wodini, analia bila sauti huku amebana daftari kifuani. Nikadhani anangoja kuingia. Nikafungua mlango, nikamwambia, "Karibu, mdogo wangu. Kaa, niambie kilichokupata."

Aliinua macho, akasoma kitambulisho changu. Akajifuta uso kwa mkono wa sare, haraka, pande zote mbili.

"Ni mafua tu, katibu," akasema, akaondoka akifuata ukuta.