Nukta ya Bluu

"Uliliendesha huku taa inawaka," fundi alisema akiwa bado chini ya gari. "Kubali tu, yaishe. Mimi si polisi."

"Haikuwaka, kaka."

"Injini hainoki ikafa hivihivi, Sista. Oili ikiisha, taa nyekundu inawaka. Ikiwaka, unazima gari. Hilo nilikufundisha kabla hujashika usukani."

"Na mimi nakwambia haikuwaka. Nilikuwa na wagonjwa watatu nyuma. Hiyo taa naitazama kuliko ninavyoitazama barabara."

Fundi akajivuta nje, mgongo ukimlalamikia. Dada yake alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta wa gereji, mkoba kwapani. Miaka thelathini na mmoja ya uuguzi ilimwachia viatu vyeupe alivyovaa mpaka leo, jina la Sista ambalo hata kaka yake wa tumbo moja alilitumia, na kiinua mgongo. Kiinua mgongo chote kilikuwa hapo mbele yao: gari kubwa jeusi la viti saba, la mtumba, ambalo kwa miezi minne lilipeleka wagonjwa wa figo hospitali mara tatu kwa wiki.

Aliyelikagua kabla halijanunuliwa ni fundi. Alitumia saa tatu. Magari ya aina ile aliyajua magonjwa yake: bushi za mbele huisha mapema, gia husita kwenye mwinuko, radieta hupasuka kichwani, sili ya nyuma ya injini huvuja. Alipowasha, taa ya oili ikawaka kisha ikazimika, kama inavyotakiwa. Akatikisa kichwa kukubali, na dada yake akamwambia muuzaji, "Huyu akisema sawa, mimi sina swali."

Sasa sili ilikuwa imepasuka njiani na oili yote kumwagika. Pembeni, juu ya shuka jeupe, zilipangwa beringi za injini jinsi zilivyotolewa, moja baada ya nyingine, upande uliolika ukitazama juu. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Mwenye gari aone ubovu kwa macho yake, asisimuliwe.

"Tazama," alisema. "Zimekwanguka mpaka shaba. Hizi hazikufa kwa dakika mbili. Uliendesha."

"Nusu saa. Kwa sababu hakuna kilichoniambia nisimame."

"Basi taa inasema uongo."

"Au mimi ndiye mwongo. Chagua, kaka."

Fundi alipanda kwenye kiti cha dereva akauvuta mlango kwa hasira, akazungusha ufunguo nusu. Taa nyekundu ikawaka.

"Hiyo hapo. Nzima kama yai."

"Nimeiona. Leo inawaka. Jana haikuwaka."

Alitaka kumwambia kwamba miaka ya sindano haimfanyi mtu ajue umeme wa gari. Badala yake aliteremka, akainama ndani ya boneti, akachomoa waya wa taa hiyo pale unapoingia kwenye injini. Ukabaki ukining'inia. Waya ukiwa hivyo, taa haina njia ya kuwaka. Akarudi kwenye ufunguo ili amalize ubishi.

Taa ikawaka.

Akazima, akawasha tena. Ikawaka.

"Kuna nini?" Sista aliuliza.

"Imechezewa." Fundi alichomoa ufunguo. "Mtu ameikata kwenye injini akaiunganisha na taa ya betri. Inawaka ukiwasha, inazimika injini ikinguruma. Hata kama ndani hamna tone la oili."

Sista akasema taratibu, "Kwa hiyo sikudanganya."

"Hukudanganya." Fundi alishika bisibisi kama kisu. "Mshenzi. Ameona injini ina kasoro, badala ya kuitibu akaiziba mdomo. Watu wamo ndani, wagonjwa, yeye anaziba mdomo. Mwenye mkono huu nikimjua, nitamvunja vidole kimoja kimoja. Waite majirani wasikie, sijali."

"Injini nyingine ni kiasi gani?"

"Nusu ya ulichonunulia gari."

"Sina nusu, kaka. Sina hata robo." Simu yake ikalia mkobani. "Ni yule mama mgonjwa wa kesho asubuhi. Sijui nimwambie nini." Akatoka kuzungumza barabarani.

Fundi alishusha hasira yake kwenye dashibodi. Aling'oa kifuniko, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akafuata waya kwa vidole mpaka akagusa kifundo kilichozungushiwa utepe. Akakikata akakitoa kwenye mwanga.

Utepe ulizungushwa vizuri, bila kukunjamana. Kazi safi. Mwishoni, pale utepe ulipoishia, palikuwa na nukta ya rangi ya bluu.

Kila nati aliyoikaza na kila waya aliouunga, fundi aliuwekea nukta ya bluu. Mjini walimwita Nukta kwa sababu hiyo, naye alilipenda jina.

Akapiga magoti kwenye kizingiti cha mlango, akachungulia chini ya zulia. Rangi nyeusi haikufika huko. Chuma kilikuwa cheupe.

Jeupe, la viti saba. Dalali alilileta miaka mitatu nyuma. "Sensa ya oili tu hiyo, mzee wangu, inawasha taa na kutisha wateja bure. Ninyamazishie." Ilikuwa Ijumaa, alikuwa na haraka, na dalali alimwita profesa mbele ya watu. Hakupima hata presha ya oili. Alicheka, akaunga, akatia nukta.

Alitafuta wa kumtukana. Akarusha bisibisi ukutani. Ikadunda, ikarudi miguuni pake.

Ukucha wa kidole gumba ulikuwa tayari juu ya nukta. Rangi ilikuwa kavu, ingebanduka kwa mkwaruzo mmoja. Nje alimsikia Sista akisema, "Nivumilie, mama, kaka yangu analishughulikia," kisha nyayo za viatu vyake zikaja zikikwaruza changarawe.

Fundi alichuchumaa kwenye shuka. Baada ya beringi ya mwisho, katika mstari uleule, aliweka kile kipande cha waya, akakigeuza, akakigeuza tena, mpaka nukta ikatazama juu.

"Hicho nacho ni nini?"

"Vaa miwani."

Sista alipiga magoti upande wa pili wa shuka na kuanza kuitafuta mkobani, bila haraka, akitoa kitambaa, funguo, kalamu. Chini ya injini, tone la mwisho la oili lilirefuka, likiwa bado limeshikilia chuma.