Chumvi Chini ya Mlilaki

Desanka aliukwaruza mti wa mlilaki kwa ukucha wa kidole gumba, akainama kutazama. Chini ya gamba palikuwa pakavu, rangi ya kahawia. Akajaribu tawi la pili, la tatu, la nne. Kote hakuona hata chembe ya kijani. Machi ilikuwa inaaga, na mililaki ya kijiji kizima ilikwisha kuvimba vitumba. Huu wake tu ndio uliosimama kando ya uzio kama kuni zilizosahauliwa.

Ulipandwa na marehemu mama yake. Kila Pasaka, Desanka alikuwa akikata maua yake ya zambarau, akiyakumbatia kifua kizima na kuyapeleka kaburini kwa mama, na harufu yake ilimfuata hadi kitandani. Miaka mitatu sasa alikuwa akienda na maua ya plastiki ya sokoni, uso umemshuka kwa aibu. Mwaka huu alijiapiza kwamba mti utachanua, hata kama itambidi aunyweshe maziwa.

Hakuwa na shaka ni nani aliyeuua. Alikuwa ng'ambo ya uzio: Rumena, dada yake wa tumbo moja.

Baba yao hakujaliwa mtoto wa kiume. Alipofariki, miaka kumi na mitano iliyopita, kiwanja kiligawanywa kwa uzio wa mbao. Rumena akapata upande wa mbele wenye lango la barabarani, Desanka akapata upande wa nyuma wenye ghala la chini ya ardhi. Mlilaki uliangukia mpakani, mizizi huku na huku. Miaka minne baadaye tawi la kwanza likakauka. Katika kumbukumbu ya mama yao, padri akiwapo na watu wakiwa na vijiko vya ngano tamu ya kumkumbukia marehemu mikononi, Desanka alisema kwa sauti, "Hata mti wa mama umeutia sumu!"

Rumena alisawajika. "Naapa kwa Mladen wangu, sijautia kitu."

Mladen alikuwa mwanawe wa pekee. Novemba ya mwaka uleule, lori lake liliteleza kwenye barafu na kutumbukia bondeni.

Desanka hakuvuka uzio kwenda kumpa dada yake pole. Na si hilo tu. Akiwa kwenye foleni ya mkate, wanawake sita wakimsikiliza, alisema, "Kiapo kimemrudi." Maneno hayo yalimfikia Rumena kabla mkate haujapoa. Tangu siku hiyo hawajasalimiana.

Ndiyo maana asubuhi hii alimwita Vitomir, muuza miche wa mji wa Zaječar, mzee mcheshi mwenye mikono mipana. Alitaka tiba, ndiyo, lakini zaidi alitaka shahidi. Alimsimamisha karibu kabisa na uzio, ambako upande wa pili ulisikika ufagio ukifagia.

Vitomir alichimba kidogo, akausugua udongo viganjani, akauweka ulimini. Akatema.

"Chumvi hii."

"Umesikia?" Desanka aliupigia uzio kelele. "Chumvi! Si nilisema mimi?"

"Taratibu, dada yangu. Kwa sauti hiyo utafufua wafu, mti ubaki vilevile."

Akasogea hatua mbili, akaonja tena. Akasogea nyingine, kuelekea mlango wa ghala, na kila alipoonja alizidi kukunja uso. Mlangoni kabisa alinyanyua kichwa. Pipa kubwa la mbao liliegemezwa ukutani, mdomo chini, likikauka.

"Kabichi za kuchachusha unaziweka humu?"

"Kila nyumba inachachusha. Kwani wewe huli?"

"Nakula mpaka zinanitokea puani. Nauliza maji yake. Baridi ikiisha, pipa unalimwaga wapi?"

 Wiki iliyopita tu Desanka alikuwa amelisukuma kwa bega mpaka likapinduka, na yale maji ya chumvi ya miezi mitano yakateremka mteremko wake wa kila mwaka hadi kwenye mlilaki. Mama yao hakuyamwaga pale hata siku moja. Aliyachota kwa ndoo, akayapeleka kwenye mtaro wa barabarani. Lakini baada ya uzio, mtaro ulibaki upande wa Rumena, na Desanka alikuwa radhi apasuke kuliko kumwomba dada yake njia ya kupita na ndoo.

"Hapo," alisema, bila kunyoosha kidole.

Ng'ambo ya uzio, ufagio ulikuwa umenyamaza.

Vitomir, asiyejua lolote, aliendelea na tiba yake kwa furaha ya mtu apendaye kazi. Kata matawi makavu yote hadi chini. Ondoa udongo wa juu, uutupe mbali. Mwagilia maji matamu, ndoo kwa ndoo, uioshe mizizi. "Ila mwaka huu usitarajie ua. Upande huu umekwisha. Lakini nimechungulia pale kwa jirani, kuna machipukizi mazuri ya mti huu huu. Mwombe mawili, uyang'oe na udongo wake leo leo kabla hayajatoa majani. Chipukizi nani atakunyima?"

Akapiga glasi moja ya rakija, pombe kali ya matunda, akashika njia.

Desanka alichota udongo, akauonja mwenyewe. Aliuchukia ulimi wa Vitomir, akalichukia pipa, kisha hakubaki na mwingine wa kumchukia ila yule aliyelipindua. Akamkumbuka Mladen. Hata baada ya kiwanja kugawanywa, kijana yule mrefu aliuruka uzio, akaingia jikoni kwake bila hodi, akifunua sufuria moja baada ya nyingine. "Mama mdogo, leo unatuficha nini?" 

Desanka alizunguka kwa njia ya nyuma, akatokea barabarani, akaingia langoni. Rumena alikuwa amesimama kando ya machipukizi. Sepetu ilikuwa tayari imechomekwa ardhini.

"Dada," Desanka alisema. Neno lilitoka likiwa na kutu.

"Nimesikia. Ulivyopayuka, nani hajasikia?"

"Ni maji ya kabichi. Sikujua."

"Hukujua." Rumena alimtazama kwa mara ya kwanza. "Na kwenye foleni ya mkate, ulijua nini?"

 Desanka alikuwa na msamaha mdomoni, lakini mbele ya uso ule uliozeeka bila yeye kuuona ukizeeka, alitahayari hata kuutamka.

"Chimba," Rumena akasema. "Hayo mawili ya pembeni."

Alichimba. Rumena hakumsaidia, wala hakuondoka. Kazi ilipokwisha alimtupia magunia mawili yaliyoloweshwa, ya kufungia mizizi.

"Chipukizi moja lako. La pili kampandie Mladen, mimi magoti hayainami tena." Akauokota ufagio. "Kila Jumamosi namwambia kaburini sikuutia kitu. Miaka kumi na mmoja namwambia. Leo asikie kwako."

Akaanza kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Makaburi ya kijiji yana milango miwili. Wa chini unakupeleka kwa mama yao bila kupita kwa Mladen, na kwa miaka yote hiyo Desanka hakuutumia mwingine. Mchana ule alipanda hadi wa juu, chipukizi kwapani, ndoo ya maji mkono mmoja na sepetu mkono mwingine. Komeo lilikuwa gumu, akaiweka ndoo chini ili alisukume.

Kaburi lilikuwa la tatu kutoka mlangoni. Picha ya kijana ilikuwa ikicheka kwenye jiwe. Desanka alipiga magoti, akachimba shimo, akaliweka chipukizi, akalifukia kwa mikono. Kisha akabaki palepale, udongo kwenye kucha, hajui aanze kwa kumwita Mladen kwa jina au aanze na ile chumvi.