Yowe la Virusi

Kijijini Endagikot hakuna anayeuliza yowe limeanzia wapi. Ukilisikia, iwe ni fisi zizini au moto kwenye nyumba ya jirani, unapiga la kwako ili nyumba ya pili isikie, halafu unakimbia. Maswali baadaye. Anayekaa kimya wazee humtoza mnyama, na aibu humfuata mpaka kanisani. Efrazia alilelewa hivyo, na ukatibu wa shule pale Mbulu mjini haukumbadilisha hata kidogo.

Basi asubuhi ile alipofungua kompyuta ya ofisi na kukuta barua pepe ya herufi kubwa tupu, moyo ulimlipuka. Ilisema kuna virusi vimeingia nchini, vinajificha kwenye sauti zilizorekodiwa, vinaunguza simu na kuiba vyote vilivyomo. Futa sauti zote leo, kisha futa na kwenye kapu la vilivyofutwa. Wataalamu wamethibitisha. Watumie wote uwapendao. Wataalamu gani? Haikusema, na Efrazia, mtu mzima na akili zake, hakujiuliza. Aliituma kwenye kundi la ukoo la kwenye simu. Na kwa kuwa wifi yake Mectilda hakupenda kusoma ujumbe mrefu, akampigia kabisa.

"Wifi, futa sauti zote zilizo kwenye simu. Sasa hivi."

"Hata ya Alfredi?"

Alfredi alikuwa kaka yake Efrazia, marehemu mume wa Mectilda. Sauti hiyo aliirekodi kitandani hospitalini, pumzi zikimwishia, mke wake peke yake akiwa pembeni: shamba libaki kwa Mectilda na binti zake, lisiguswe. Baba yao mdogo, Margwe, hakulikubali neno la mjane. Yeye alitaka shamba lirudi kwa wanaume wa ukoo. Wazee walikuwa wamepanga kuisikiliza sauti hiyo Jumapili, baada ya misa. Mectilda hakuwa na shahidi mwingine.

"Simu ikiungua si utakosa vyote?" Efrazia alisema. "Futa, wifi. Ikishapona tutatafuta fundi airudishe."

Mectilda akafuta. Akafuta na kwenye kapu, kama alivyoelekezwa.

Mchana mwalimu Felician, anayefundisha kompyuta, aliingia ofisini, akaisoma ile barua na kucheka. Alipoona uso wa Efrazia, kicheko kikakatika.

"Madam, hii ni uongo mtupu. Tangu niko chuo inazunguka, wanabadilisha jina la virusi tu. Ujumbe ukikukimbiza hivi, ndiyo wakati wa kusimama na kuuliza. Umemtumia nani?"

Efrazia alimweleza yote, hadi ile sauti ya Alfredi.

"Nakala iko mahali pengine?"

"Haiko."

"Kitu cha maana namna hiyo, kwenye simu moja?" Felician akashika kichwa. "Mwambie aizime. Asipige picha, asipokee kitu, kipya kisije kikaandikwa juu ya kilichofutwa. Ailete haraka."

Mectilda alifika kwa bodaboda, simu imefungwa ndani ya khanga. Felician aliiunganisha na kompyuta, akajaribu programu hii na ile. Zikarudi picha za ndama. Ukarudi wimbo wa kwaya, nao nusu. Kila kitu kipya kilipotokea kwenye kioo, Efrazia alisogea na kusema moyoni, Mungu wangu, iwe hii, na haikuwa. Laiti angeweza kuingia mle ndani akatafute kwa mikono yake! Mwisho mwalimu aliuchomoa waya, akasema ameshindwa. Mectilda hakumlaumu mtu. Aliifunga tena simu kwenye khanga.

Jumapili wazee walikaa sebuleni kwa marehemu. Mzee Sulle, mkubwa wao, alipouliza sauti iko wapi, Efrazia alisimama, akawaamkia, akaeleza yote bila kujitetea. Wengine kwenye ukoo walikuwa wameupata ujumbe uleule wakaupuuza. Aliyetii ni mmoja tu.

"Binti yangu," Mzee Sulle akasema kwa upole, "wewe ni damu ya marehemu. Kama uliisikia kwa masikio yako, sema. Tutakuamini."

Efrazia alikuwa hajawahi kuisikia. Mara ngapi Mectilda alimpa simu, naye akaisukuma akilia, nitasikiliza nikipata nguvu, wifi, si leo! Sasa Mectilda alimkazia macho, na midomo yake ilicheza bila sauti: sema. Neno moja tu lilitosha. Lakini uongo mbele ya wazee wale ni kiapo, na laana ya kiapo cha uongo huwaandama watoto. Tena tangu siku ya barua ile alikuwa amejiapiza hatapeleka mbele neno lolote ambalo hana hakika nalo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikuisikia, mzee."

Margwe alishusha pumzi. Mzee Sulle akasema shamba litarudi kwa ukoo, mjane atakatiwa kipande cha kulima.

Mectilda alimsogelea wifi yake. Hakupandisha sauti.

"Virusi hukuviona, ukaniambia ni kweli," alisema. "Leo kwa ajili ya wanangu ndiyo umejua kusema ulichokisikia mwenyewe tu?"