Taa ya Kumi na Mbili

...na ya tano nayo ikalia vizuri, ting, kwa nini isilie, ameifinyanga Vestina kwa mikono hii hii iliyoshika kitambaa cha kufutia vumbi, na Mama Zamda, mfanyabiashara aliyekuja asubuhi kutoka Makambako, anagonga kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa, anasikiliza, anasogea, taa kumi na mbili za mezani, vitako vya udongo, zimepangwa kwenye benchi la paini, na mbovu ni ile ya mwisho, ya dirishani, yenye ufa mwembamba kama unywele ambao Vestina aliusugulia uji wa udongo jana, uji unaziba macho, hauzibi sikio, mama yake alimwambia tangu akiwa mdogo kule Ludewa, ziwani, alipokuwa akigonga chungu kimoja kimoja kabla ya soko, na kikikohoa badala ya kulia anakivunja palepale, hata kama ndicho kingeleta chumvi ya wiki nzima... "Zimetulia hizi, Anderson," anasema Zamda, "hoteli wakizipokea watataka na stuli," na Anderson, mwenye studio, fundi wa viti, anacheka kile kicheko chake cha wateja, "Sisi hatubahatishi, mama," sisi, Vestina analitafuna neno hilo, sisi gani, yeye na nani, maana chini ya kila kitako kuna mhuri wa Anderson peke yake, jina zima, ameukandamiza kwenye udongo ambao Vestina ndiye aliyeukanyaga kwa miguu katika baridi ya Julai mpaka visigino vikapasuka, na alipomwomba, tena kwa adabu, kaka, na mimi niweke hata alama ya kucha, mistari mitatu kama ya mama yangu, akajibiwa tutaliongea, na mwaka wa tatu huu bado linaongelewa... ya sita, ting... na ufa wenyewe wala si wake, alimwambia Anderson, udongo haujakauka, Njombe hii ukungu hauondoki mpaka saa tano, tungoje siku nne, naye akasema lori la Makambako halingoji ukungu, ingiza tu kwenye tanuri, akaingiza, mjinga yeye, akaingiza, na leo asubuhi angeweza kuitoa benchini, akaiacha kwa makusudi, ndiyo, kwa makusudi, roho yake ilitamani kusikia taa ikikohoa mbele ya mteja na mhuri wa Anderson chini yake, mchimba kisima huingia mwenyewe, aingie... ya saba... "Dada, hebu kitambaa," anasema Zamda bila kumtazama, anampa, anarudishiwa, "na nani anawafinyangia?" "Tuna timu, mama," timu, aisee, timu ya mtu mmoja, ya nane, ting, na hapo ndipo Vestina anapoona jambo ambalo hasira ilikuwa imemziba asilione, kwamba taa ya mwisho ikikohoa Anderson hataipindua autazame mhuri, atageuka, atanyoosha kidole, atasema ni huyu, Vestina huyu, nilimwambia akaushe vizuri, na jina lake litatajwa humu ndani mbele ya mteja kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya ufa, kumi na moja zenye sauti ni za Anderson, moja yenye kikohozi ni ya Vestina, kumbe kisima kachimba yeye, kwa mikono yake, na uji juu... inamuuma, halafu ghafla haimuumi tena, sawa, kaka, nitaje, ukinitaja nitaitika, nitasema ndiyo, ndimi Vestina, na hizi nyingine zinazolia kafinyanga nani, mwambie Mama Zamda basi, halafu ile mbovu nitaivunja mwenyewe hapahapa sakafuni, kama mama yangu, na kesho kucha zangu zitapita kwenye udongo kabla ya mhuri wako, au utafute mwingine wa kukukanyagia... ya tisa, ting, Zamda anainamisha kichwa, anasikiliza, Anderson anatabasamu, na Vestina anakikunja kitambaa, anakiweka benchini, mikono yake iwe mitupu.