Habari Iliyoandikwa Viganjani

Jumanne asubuhi boti ya kutoka Nyamisati ilileta kijijini magunia mawili ya sukari, mabati kumi na boksi la vitabu, vyote vimelowa kidogo. Kijiji ni cha huku Maparoni, kwenye delta ya Rufiji. Jina lake tuliache, wenyewe wanajijua. Boksi lilibebwa hadi darasa la tano, na Mwalimu Natalia akalifungua kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia alikuwa ameufumba.

Vilikuwa vitabu vya watoto kuhusu uandishi wa habari. Ndani yake msichana mwenye kalamu sikioni anazunguka akiuliza: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Ukurasa wa tisa uliwataka wasomaji wachukue habari moja iliyovuma kwao, waifuate nyuma mtu kwa mtu mpaka wamfikie aliyeianza. Salama, mtoto wa miaka kumi na mmoja ambaye akiuliza haachi mpaka ajibiwe, alinyoosha kidole akasema habari wanayo, tena haina haja ya kutafutwa, maana watu wanatembea nayo mkononi.

Alisema kweli. Wiki tatu nyuma wanafunzi walikuwa wameharisha, na siku ile ile ukapita ujumbe kwenye simu kwamba vitumbua vya Bi Mashavu vinakaangwa kwa mafuta ya transfoma. Kijiji kiliusambaza mbio. Kesho yake kila aliyeusambaza aliamka nao umeandikwa kwenye kiganja cha kulia, herufi ndogo nyeusi, neno kwa neno, na chini yake saa aliyoutuma. Watu walijaribu majivu, wakajaribu ndimu, wengine msasa wa fundi mitumbwi. Haukutoka. Zahanati iligawa dawa ya kuua minyoo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Ijumaa msikitini, waumini walipoinua mikono kuomba dua, kila mmoja akawa anasoma cha jirani yake. Imamu naye alikuwa nao, wa saa kumi na moja jioni, akaifupisha dua.

Ikawa basi. Mpunga ukapaliliwa, mvua ikanyesha. Bi Mashavu, aliyeuza vitumbua kwenye geti la shule miaka kumi na minane na kulea wajukuu watatu kwa kikaango hicho, alirudi nyumbani na beseni limejaa siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Siku ya nne hakuja.

Natalia ni mtu wa Kasulu. Ni ualimu uliomleta kwenye maji ya chumvi. Ndiye aliyekabidhiwa tangi la maji la shule, alitie dawa kila Jumatatu. Jumatatu mbili alisahau. Wazazi walipoanza kuulizana kwenye kundi la simu watoto wamekula nini, alipanda kichuguu cha nyuma ya shule, mahali pekee mtandao unaposhika, akaandika jina la kwanza lililomjia. Chuki na Bi Mashavu hakuwa nayo. Vitumbua vyake alikuwa amekula asubuhi hiyo hiyo, viwili, na vidole akalamba. Tangu hapo aibu ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hautemeki wala haumezeki.

Watoto walizunguka siku tatu na madaftari yao. Walibisha hodi, wakaamkia, wakaomba kiganja. Wakubwa walifumbua, maana mtoto akikuomba kwa adabu utamwambia nini? Salumu mwenye duka aliutuma saa tisa, kwa kuwa alitumiwa na Subira mkunga, aliyeutuma saa nane kasorobo, naye aliuona kwenye kundi la wazazi, ulipokuwa umeshatumwa na wengi mpaka wa kwanza hajulikani. Chini ya swali la wapi, Salama aliandika kwamba kijiji kinatumia sola na transfoma ya karibu iko ng'ambo, safari ya boti na ya gari. Hilo kila mtu alilijua, hata siku ile alipokuwa anausambaza.

Alhamisi walisimama kwenye mlango wa ofisi ya walimu.

"Shikamoo mwalimu," Salama alisema. "Umebaki wewe."

Natalia alifumbua mkono. Saa saba na dakika nne mchana. Hapakuwa na ya mapema kuliko hiyo. Salama aliandika, kisha akafunua kitabu kuangalia swali linalofuata.

"Mwalimu, ulijuaje?"

"Sikujua."

"Niandike hivyo?"

"Andika. Na tangi sikulitia dawa. Andika na hilo."

Aliandika yote kwa mwandiko mzuri, ule aliofundishwa na Natalia mwenyewe.

Ijumaa habari ilibandikwa kwenye ukuta wa shule. Mwalimu mkuu, Mzee Hemedy, aliusifu mwandiko. Wazazi walikuja wakasoma mpaka mwisho, wakasema kweli kabisa, watoto wamefanya kazi. Hakuna aliyepanda kichuguu kuisambaza. Uongo ulizifikia nyumba zote kwa siku moja. Ukweli ulibaki pale pale ukutani, ukipauka kwa jua. Natalia alingoja afukuzwe, au walau atukanwe. Badala yake mzazi mmoja alimletea kamba wabichi, akamwambia pole mwalimu, binadamu tunasahau. Wema huo ulimchoma kuliko matusi.

Wiki iliyofuata kijiji kilipata dawa yake. Bibi harusi mmoja ndiye aliyegundua kwamba piko, ile rangi nyeusi ya kupambia mikono, linafunika yale maandishi. Na mjuzi wa piko ni mmoja tu, Bi Mashavu, aliyepamba mabibi harusi wa pale tangu ujana wake. Simu hakuwa nayo, na viganja vyake vilikuwa safi. Watu wakajaa uani kwake, wanaume kwa wanawake. Imamu alituma salamu kwamba yeye asichorewe maua. Piko likipauka, walirudi. Walimlipa unga, walimlipa samaki. Vitumbua hawakununua.

Jumamosi moja Natalia naye alikaa foleni. Maneno alikuwa ameyapanga njiani: ni mimi, nisamehe, Jumatatu nitasimama getini niseme mbele ya watu. Zamu yake ilipofika akatoa mkono. Bi Mashavu akausoma kama alivyosoma mingine yote, mpaka chini kabisa.

"Saa saba na dakika nne," akasema. "Mingine yote ni ya baada ya hapo." Akachovya kijiti. "Nikuwekee maua, mwalimu, au nijaze?"

Natalia alifungua kinywa aombe radhi.

"Jaza," akasema.

Ilipokwisha, Bi Mashavu alimsogezea sahani. Alikuwa bado anakaanga kila alfajiri, kwa mazoea, na kila aliyekuja alikaribishwa, na kila aliyekaribishwa alijibu kwamba mkono una piko bichi, na kwa wa kushoto mtu hali chakula. Ni udhuru usio na doa. Natalia naye akautoa.

"Mwenye piko hulishwa," Bi Mashavu akasema. Akamega kitumbua, akapeleka kipande mdomoni mwa Natalia.

Hakuna aliyejua kuliko Natalia kwamba ndani ya kipande kile mlikuwa na mchele, nazi, iliki na mafuta ya kula. Harufu aliisikia, mate yakamjaa. Midomo haikufunguka. Aliilazimisha, ikakataa, machozi yakamshuka mpaka kidevuni. Bi Mashavu alikishikilia kipande pale kwa muda ambao adabu inataka, kisha akakila mwenyewe, polepole, akafuta vidole, akamwita anayefuata.